Ugonjwa Ukiwa Nadra, Haki Haiwi Nadra



Umezoea kutusoma hapa tukipigania vitambulisho, hijabu shuleni na vijana wetu wanaochukuliwa usiku wasirudi. Leo tunazungumza habari ya tumbo. Usipite haraka ukisema, "Hii inahusianaje na haki za Waislamu?" Kaa kidogo, soma mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Mfikirie dada yako wa Ogembo. Ana miaka 24, amemaliza chuo, anauza nguo sokoni huku akingoja kazi. Miaka miwili iliyopita viungo vilianza kumuuma, nywele zikakatika, uso ukajaa madoa. Alizunguka sana hadi hospitali moja kubwa ikamwambia ana lupusi. Akapewa dawa, akarudi nyumbani. Dawa ikaisha, pesa nayo ikaisha, akanyamaza. Sasa usiku mmoja tumbo linamkata kama kisu. Asubuhi anaenda kwa kemisti, anaambiwa ni amiba. Wiki inayofuata ni taifodi. Ya tatu ni vidonda vya tumbo. Kila mara anafungiwa antibayotiki na kudungwa sindano ya diklofenaki. Wiki ya nne hawezi kushikilia hata uji tumboni, amefura, na nyumba nzima inanong'ona: huyu amerogwa.

Huyu dada ni mfano, hatumtaji mtu. Lakini kama umekulia Kisii au Nyamira, huenda tayari kuna sura imekujia kichwani.

Neno letu leo ni moja. Mgonjwa kama huyu mara nyingi haponzwi na kukosa dawa ya ajabu iliyoko ng'ambo. Anaponzwa na muda unaopotea kabla mtu yeyote hajaunganisha tumbo lake na lupusi yake. Muda huo una wezi, na kuulinda ni kazi ya haki za binadamu sawasawa na kumtafuta kijana aliyepotea.

KWANZA, UELEWE UGONJWA WENYEWE

Mwili wako una askari. Kazi yao ni kupigana na viini vya maradhi. Kuna watu ambao askari hawa hugeuka wakaanza kuushambulia mwili wenyewe. Hayo ndiyo magonjwa ya kinga kujishambulia. Lupusi ni mmoja wao. Baridi yabisi ya viungo ni mwingine. Mtu hakuambukizwa, hakujitakia, wala si laana ya mtu. Kwa lupusi, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, na wengi hushikwa katika umri wa kuolewa na kuzaa. Kwa hivyo tukisema "mgonjwa" hapa, mara nyingi tunasema dada yako, mkeo, au wewe mwenyewe unayesoma.

Askari hao wakiingia utumboni, mambo huwa mazito. Kuna njia kadhaa, na ni vizuri uzijue.

Ya kwanza: lupusi yenyewe inaweza kuvimbisha mishipa midogo ya damu inayolisha utumbo. Ukuta wa utumbo unajaa maji na kufura. Mgonjwa anapata maumivu makali ya tumbo, kutapika, pengine kuhara. Hali hii ni nadra, ndiyo sababu wahudumu wengi hawaifikirii. Ikikawia, sehemu ya utumbo inaweza kukosa damu, ikafa na kutoboka. Hapo sasa unazungumza habari ya upasuaji wa dharura na kuokoa roho.

Ya pili: magonjwa ya utumbo ambayo nayo ni ya kinga kujishambulia. Kuna ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn wa New York ambaye yeye na wenzake waliueleza mwaka 1932. Huu unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Na kuna kolaitisi ya vidonda, inayokaa kwenye utumbo mpana na kuleta choo chenye damu na kamasi. Mtu mwenye ugonjwa mmoja wa kinga kujishambulia huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mwingine kuliko mtu asiye na wowote.

Ya tatu, na hii ndiyo huchanganya hata madaktari: dawa za kutuliza kinga zikimpunguzia mgonjwa askari wakorofi, zinapunguza pia wale wazuri. Kwa hivyo maumivu yale yale ya tumbo yanaweza kuwa maambukizi. Yanaweza kuwa TB ya utumbo, ambayo inafanana na ugonjwa wa Crohn kiasi kwamba hata mtaalamu aliyechukua kipande cha nyama ya utumbo na kukipima huweza kusita. Kenya ni nchi yenye TB nyingi, kwa hivyo kosa hili si la vitabuni tu.

Umeona ugumu? Ukimpa mgonjwa dawa ya kutuliza kinga kumbe ana TB, umeichochea TB. Ukimpa dawa ya TB kumbe ni lupusi, utumbo unaendelea kuharibika miezi na miezi. Ukimfungua tumbo ukidhani ni kidole tumbo, umemuumiza bure. Kubahatisha kwa kemisti hakuwezi kutosha hapa, hata kama mwenye kemisti ni mtu mzuri na jirani yetu.

MATIBABU YAPO

Watu wengi wakisikia "nadra" wanasikia "hakuna dawa". Si kweli.

Kwa lupusi iliyoingia utumboni, daktari akishahakikisha hakuna maambukizi wala utumbo haujatoboka, tiba ya kwanza ni steroidi, mara nyingi kwa njia ya mshipa wakati tumbo bado haliwezi kupokea kitu. Wagonjwa wengi wanaowahi hupata nafuu ndani ya siku chache. Baadaye wanageuzwa kwenye vidonge vya prednisoloni, vinavyopunguzwa pole pole. Chini yake inakaa haidroksiklorokwini, dawa ya kila siku inayozuia lupusi isiamke tena. Hali ikiwa kali, au figo nazo zimeguswa, kuna siklofosfamidi na mikofenoleti.

Kwa Crohn na kolaitisi kuna sulfasalazini, mesalazini, azathioprini, na zile dawa mpya za sindano kama infliksimabu na adalimumabu. Hizi za mwisho ni ghali. Lakini elewa kwamba Shirika la Afya Duniani liliiweka adalimumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Maana yake ulimwengu umekubali kwamba hii si anasa ya tajiri. Kabla ya kuanzishwa, mgonjwa lazima apimwe TB iliyolala, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuiamsha.

Kuna mambo matatu ya nyumbani ambayo hayahitaji profesa. Moja, usikimbilie diklofenaki na ibuprofeni: zinaumiza utumbo na figo, na kwa mwenye Crohn au kolaitisi zinaweza kuamsha ugonjwa. Mbili, anayetumia steroidi kwa muda mrefu asiache ghafla, hata akijisikia mzima, maana mwili wake umezoea kutegemezwa na ukinyang'anywa mara moja unaweza kuanguka. Tatu, mwenye lupusi akiumwa tumbo vikali, akitapika bila kukoma, akitoa choo chenye damu, au tumbo likikakamaa kama ubao, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje Jumatatu.

Kumbuka pia mwaka 2020. Dunia nzima ilipokimbilia haidroksiklorokwini kwa ajili ya korona, wagonjwa wa lupusi katika nchi nyingi walibaki wakitafuta dawa yao kwenye rafu tupu. Hiyo ilikuwa picha ya wazi ya yale yanayompata mgonjwa wa ugonjwa wa wachache. Hakuna aliyemkusudia ubaya, ila wakubwa walipogawana, yeye hakukumbukwa. Sisi Waislamu wa Kisii na Nyamira, tulio wachache kila tunapohesabiwa, tunaijua hiyo hali vizuri.

WEZI WA MUDA

Mwizi wa kwanza ni mazoea. Mazoea ya kila tumbo kuwa amiba. Dada yetu wa Ogembo hakuulizwa na mtu swali moja tu: "Una ugonjwa gani mwingine?" Na yeye hakusema, kwa sababu alidhani lupusi ni mambo ya viungo na ngozi. Swali hilo moja lingemwokolea wiki tatu.

Mwizi wa pili ni mnong'ono. Hapa tuambiane ukweli bila kufichana. Gusii tuna jeraha. Oktoba 2021, huko Marani, akina mama wanne wazee waliuawa na kuchomwa na watu waliowaita wachawi. Neno omorogi likishatamkwa kijijini, halirudi mdomoni. Na linazaliwa wapi? Mara nyingi linazaliwa kitandani pa mgonjwa ambaye hakuna aliyeelewa anaumwa nini. Anakonda, anafura, anatapika, hospitali imesema hakuna kitu, basi lazima kuna mtu. Kwa hivyo utambuzi wa ugonjwa unaokoa watu wawili: mgonjwa aliyelala ndani, na bibi kizee wa jirani ambaye hajamkosea mtu.

Nasi Waislamu tusijitoe. Sisi hatusemi omorogi, tunasema jini. Anasomewa wiki nzima, anakunywa maji ya kombe, na utumbo unaendelea kufa. Ndugu yangu, ruqya ni sunna na hakuna anayeikataa hapa. Lakini ni Mtume huyo huyo (s.a.w.) aliyetufundisha kutafuta dawa. Msomee kwenye matatu mkielekea Kisii mjini. Msomee akiwa kitandani, dripu ikiwa mkononi. Sheikh anayekwambia uchague kati ya Qur'ani na daktari hajakupa dini, amekupa woga wake.

Mwizi wa tatu ni haya. Ugonjwa wa utumbo una maswali magumu: choo kikoje, mara ngapi, kina damu? Una kipimo cha kolonoskopi, ambapo kamera inaingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Dada zetu wengi wanaona bora wafe kuliko kulala hivyo mbele ya mwanamume. Haya ni sehemu ya imani, lakini wanazuoni walishatuambia dharura ina hukumu yake: panapolazimu tiba, kufunua kiasi kinachohitajika kunaruhusiwa. Una haki ya kuomba daktari mwanamke akiwepo, au muuguzi mwanamke asimame nawe ndani ya chumba, na kufunikwa sehemu zisizohusika. Omba kwa adabu, omba kwa sauti. Ila usikatae kipimo kwa sababu hajapatikana mwanamke, utumbo hautamsubiri.

Mwizi wa nne ni pesa na umbali. Ogembo ina hospitali ya serikali ya Gucha. Ndiyo mlango wa kwanza, na dharura ipelekwe hapo upesi, si kwa kemisti. Lakini skani, kamera na mtaalamu wa utumbo au wa lupusi vinakutaka upande gari. Kwanza ni Kisii mjini, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa. Wengine huenda Tenwek kule Bomet, inayojulikana kwa kazi ya kamera za tumboni. Wengine Eldoret au Nairobi, ambako mabingwa wengi wa fani hizi wamejazana. Kila hatua ni nauli, ni siku ya kazi iliyopotea, ni mtu wa kumsindikiza.

HAPA NDIPO HAKI INAPOINGIA

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inakupa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: hospitali yenye uwezo wa kutoa huduma ya dharura ikikataa, imetenda kosa, na faini inaweza kufika shilingi milioni 3. Utumbo uliotoboka ni dharura. Huulizwi amana kwanza.

Ibara ya 27 inakataza ubaguzi, na wengi hawajui kwamba miongoni mwa sababu zilizotajwa pale, pamoja na dini na kabila, imo hali ya afya ya mtu. Maana yake ugonjwa wako si kisingizio cha kunyimwa kazi, shule wala huduma. Hati ya Haki za Wagonjwa ya Kenya ya mwaka 2013 nayo inakupa haki ya kuelezwa ugonjwa wako na kutafuta maoni ya daktari wa pili. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema kwamba kuwazuilia akina mama hospitalini kwa sababu ya bili kulikuwa kinyume cha haki zao. Jua hayo kabla hujafika dirisha la malipo.

Kisha kuna SHA. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara anakadiriwa, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Ndani yake kuna mifuko mitatu, na mmoja umeandikwa kabisa kuwa ni wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Ugonjwa wa kinga kujishambulia ni sugu kwa maana yoyote ya neno. Basi swali letu kwa wenye mamlaka liko wazi: mgonjwa wa lupusi na wa Crohn analipiwa nini, kiasi gani, wapi? Majibu yabandikwe ukutani Ogembo, kwa Kiswahili na Ekegusii, yasikae tovutini tu.

Na sasa rudi kwenye kile kitambulisho tunachokipigania kila siku. Ili ujisajili SHA ukiwa mtu mzima, unaulizwa kitambulisho. Kisii mjini kuna ndugu zetu Wanubi, ambao vizazi na vizazi wamesailiwa kama wageni katika nchi walikozaliwa babu zao. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Watoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi, na haikuishia kwenye uraia: iliona kwamba haki zao za afya na elimu nazo zimevunjwa kwa sababu hiyo. Unaona sasa? Karatasi ikikosekana, dripu inakosekana. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba usaili wa ziada kwa jamii za mipakani umekwisha. Tangazo ni zuri. Tutalipima kwa idadi ya vijana wanaotoka ofisini na kitambulisho mkononi.

"LAKINI KUNA MALARIA NA AKINA MAMA WANAOJIFUNGUA"

Kuna atakayesema: kaunti haina pesa za kutosha hata kwa malaria na uzazi, nyinyi mnataka ihangaike na ugonjwa wa watu wachache? Hoja hiyo ina uzito na haifai kubezwa. Fedha za umma ni chache, na mama anayejifungua ana haki yake.

Lakini angalia tunachoomba. Hatuombi bingwa wa utumbo kila lokesheni. Tunaomba mambo manne. Kila mgonjwa mwenye lupusi au ugonjwa wa namna hiyo aandikiwe kadi ndogo: ugonjwa wake, dawa zake, na dalili za hatari. Wahudumu wa Gucha na zahanati zake wakumbushwe kwamba lupusi huingia tumboni. Rufaa ya mgonjwa wa aina hii itoke siku hiyo hiyo, na simu ipigwe mbele yake. Na prednisoloni na haidroksiklorokwini, ambazo ni dawa za zamani, zisikosekane kwenye famasia ya serikali. Katika haya manne, hakuna linalomnyima mama mjamzito kitanda.

Na hata vile vya ghali, kama kamera na skani, haviji kwa ajili ya mwenye Crohn peke yake. Kamera hiyo hiyo inagundua saratani ya koo, ambayo inamaliza watu wetu upande huu wa nchi. Skani hiyo hiyo inamwokoa wa bodaboda aliyegonga kichwa. Mgonjwa wa nadra akihudumiwa vizuri, ujue wengi wako salama.

MASWALI YA DINI MNAYOTUULIZA

Funga. Aya ya 184 na 185 za Sura Al-Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kula. Ruhusa hiyo ni sadaka ya Mola wako, ipokee. Mwenye ugonjwa unaopona atalipa siku zake baadaye. Asiyetarajia kuweza, kuna fidya. Daktari akikwambia kufunga kutakudhuru, usijifanye shujaa mbele ya watu. Na wewe uliye mzima, usimuulize dada yako mbele ya watu mbona hafungi.

Udhu. Mwenye kuhara kusikozuilika, au aliyefanyiwa upasuaji na kuwekewa mfuko wa choo tumboni, wengine huacha swala wakijiona wachafu. Usiache. Fiqhi inamjua mwenye udhuru wa kudumu: anajisafisha kadiri awezavyo, anatia udhu baada ya wakati wa swala kuingia, anaswali hata kikimtoka. Muulize sheikh wako akupe maelezo ya hali yako, lakini msikiti haujakufungia mlango.

Zaka. Nauli ya kwenda Eldoret, kipimo cha skani, dawa za miezi mitatu kwa fukara, hizo si mbali na zaka. Kamati zetu za misikiti zipige hesabu ya hilo kabla ya Ramadhani, si siku mgonjwa amezimia.

SASA WEWE UFANYE NINI

Usiishie kubonyeza "like". Fanya haya.

Leo jioni, muulize mamako, dadako, shangazi yako kama amewahi kuambiwa ana ugonjwa wa viungo au wa ngozi usioeleweka. Kama anao, mwandikie karatasi: jina la ugonjwa, dawa, kipimo cha mwisho. Ipigwe picha, ikae kwenye simu za watu wawili.

Msajili SHA. Piga *147#, inachukua dakika chache. Usingoje augue.

Akienda hospitali, msindikize. Neno la kwanza mdomoni mwako liwe hili: "Huyu ana lupusi, na tumbo limeanza siku fulani." Omba nakala ya majibu yote. Akinyimwa huduma ya dharura, andika jina la mahali, saa na tarehe, kisha peleka malalamiko: kwa msimamizi wa hospitali, kwa Baraza la Madaktari, kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na utuandikie sisi hapa, kwa faragha.

Kaunti ikiita wananchi kujadili bajeti, nenda. Afya ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Simama useme mambo manne tuliyoyataja. Nenda na jirani yako asiye Mwislamu, maana lupusi haiulizi mtu anaswali wapi. Siku Waislamu wachache wa Gusii watakapoonekana wakimpigania kila mgonjwa wa Gusii, wengi watatuelewa kuliko tukitoa hotuba mia moja.

Na ukisikia mnong'ono wa omorogi au wa jini juu ya mtu anayeumwa tumbo, wewe uwe wa kwanza kusema: "Amepimwa? Twende apimwe." Sentensi hiyo fupi inaweza kuokoa roho mbili.

Dada yetu wa Ogembo bado yuko kitandani katika ule mfano wetu. Wiki ya nne imefika. Mlangoni wamesimama watu wawili: mmoja ana chupa ya dawa asiyoijua jina lake, mwingine ameshika simu, kadi ya mgonjwa na nauli ya matatu. Muda uliobaki ni mchache, lakini upo. Wewe ni yupi kati ya hao wawili?

Allah awaponye wagonjwa wetu wote, awape subira walio na maradhi yasiyojulikana, na atujaalie tuwe sababu ya faraja yao. Amin.

Sambaza kwa mmoja unayemjua anahitaji kuisoma. Maelezo haya si badala ya daktari: mgonjwa apelekwe akapimwe.